Habari Iliyochelewa Kufika Kenyatta Market

Kiragu alikuwa amemsamehe Waithaka miaka mitatu iliyopita, na Waithaka hakuwa na habari.

Ungemwuliza mtu yeyote wa kanisani kwa Kiragu angekuambia hapo hapana tatizo, kwa sababu msamaha wenyewe ulikuwa maarufu. Kiragu aliutoa Jumapili ya ushuhuda, mbele ya watu kama mia nne, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kina mama walipiga vigelegele. Pasta alimshika bega akasema kanisa limepata mwanamume. Tangu siku hiyo akawa Kiragu Aliyesamehe. Wanaume wa Parklands walimwita awafundishe kusamehe, kisha Dagoretti wakamwita kwenye semina ya wenye ndoa, na kote alikokwenda alipewa chai na kiti cha mbele. Aliyekosa kusikia ni Waithaka peke yake. Waithaka alikuwa Mkatoliki, na Jumapili saa hizo alikuwa misani.

Kosa lenyewe lilikuwa la nyama. Wawili hao walianza kuchoma mbuzi Kenyatta Market wakiwa vijana, wakitumia jiko moja la pipa lililopasuliwa katikati. Baadaye kila mmoja akapata kibanda chake kwenye njia ileile, cha Kiragu mbele, cha Waithaka ndani zaidi. Wakaendelea kuazimana makaa, chumvi na matusi. Anita, binti ya Kiragu, alipofanyiwa ngurario, yaani harusi ya mila, ilieleweka bila kuulizana kwamba mkuu wa jiko ni Waithaka.

Sasa, kwa Wakikuyu ngurario haijawa ngurario mpaka kiande kikatwe. Kiande ni mkono wa mbele wa mbuzi. Huchomwa mzima, ukawekwa kando kwa heshima, na wakati ukifika bwana na bibi harusi hushika kisu pamoja wakaukata wazee wakitazama. Hapo ndipo mmeoana. Waithaka alijua hayo yote. Alikichoma kiande vizuri, kikatoka kimeng'aa kama kiatu cha askari, akakiweka juu ya gogo lake la kukatia nyama apanguse jasho. Ndipo mjomba mmoja wa bwana harusi, mtu mwenye njaa, akapita na kusema, "Mzee, hapa kuna kitu?"

Maneno hayo Waithaka alikuwa ameyasikia kwa wateja kila siku kwa miaka zaidi ya ishirini. Mkono wake haukungoja ruhusa. Akili yake ilipofika pale kwenye gogo, kiande kilikuwa vipande vidogovidogo kando ya chumvi, na mjomba alikuwa akiuliza kama kuna pilipili.

Wazee walipoita kiande, ulikuja mfupa.

Upande wa bwana harusi walicheka mpaka wakakaa chini. Mbuzi mwingine alitafutwa, akatoroka, akakamatwa kwenye shamba la jirani. Mvua ikanyesha. Tenti likajaa maji katikati likawaangukia wazee wa kanisa. Anita alikata kiande giza likiingia, chini ya mwavuli, wanja ukimteremka mpaka shingoni. Yeye mwenyewe hakununa hata wiki moja. Ana watoto wawili sasa, na kila akisimulia hadithi hiyo anashika mbavu. Aliyenuna ni baba yake. Kiragu alimwendea Waithaka jikoni, mbele ya wageni, akamwelekezea kidole.

"Usiwahi kupita mbele ya kibanda changu tena. Siku yoyote. Umenisikia?"

Waithaka alisikia. Ni mtu wa kutii, na hapo ndipo shida ilipokolea. Kibanda chake kilikuwa ndani kuliko cha Kiragu, na njia ya kawaida ilikuwa moja. Basi kila asubuhi akawa anazunguka nyuma ya soko, mbuzi mzima begani, akipita vyooni, akipenya katikati ya saluni ambako kina mama wa kusuka humshika kila anayepita mkono, hata yeye asiye na unywele kichwani, na kutokea upande wa pili akiwa amelowa jasho.

Na Kiragu, baada ya kusamehe, aliendelea kumwangalia. Tuseme ukweli: alifurahia. Kulikuwa na pengo kati ya mabati mawili, na saa mbili asubuhi aliacha kuwasha jiko ili amwone Waithaka akivuka pengo hilo ameinama. Alimsamehe kabisa, alisema moyoni. Lakini acha azunguke.

Wangeci, mke wake, alichoka naye mapema.

"Baba Anita, si uvuke tu hapo umwambie? Ni hatua chache."

"Mungu anajua nilisamehe."

"Mungu hana kibanda hapo. Mwenye kibanda ndiye hajui."

"Nilisema mbele ya kanisa zima, Mama Anita."

"Kanisa zima lilikula kiande chako?"

Kiragu aliona kwamba mkewe hana upako wa jambo hilo, akamwacha.

Halafu akapigiwa simu na Mwinjilisti Naliaka. Huyu ni mama mwenye sauti ya king'ora anayeendesha ibada ya saa ya chakula cha mchana katikati ya mji, ghorofa ya nne, ambako makarani hupanda na njaa zao na kushuka wakiwa nazo bado. Alimtaka Kiragu ahubiri Alhamisi. Kichwa cha somo: Injili ni nini?

"Si kusamehe?" Kiragu akauliza.

"Kusamehe umeshafundisha kila mahali, ndugu. Sasa tupe msingi. Dakika ishirini tu."

Kiragu aliachia shule darasa la saba na hakuwahi kujuta, kwa sababu mbuzi hawasomi. Lakini swali hilo lilimkwama kooni. Alikuwa amelisema neno Injili maisha yake yote, kama mtu anavyosema Bungoma bila kufika. Jumatano usiku alimwuliza Wangeci, ambaye alikuwa amelala. Alhamisi alfajiri, akiwa Dagoretti kununua mbuzi, akaamua kulijaribu somo lake kwa mtu wa kwanza atakayesimama.

Mtu huyo alikuwa Shamsudin, mchinjaji, mzaliwa wa Mombasa, aliyewachinjia wenye vibanda wengi ili nyama yao iliwe na mteja yeyote, Mwislamu au Mkristo. Alikuwa akinoa kisu.

"Shamsudin, mimi leo nahubiri mjini."

"Mashallah. Wahubiri nini?"

"Injili ni nini."

"Sisi twaijua ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa. Nyinyi mwasemaje?"

"Sio kitabu. Yaani, kwa kitabu iko. Lakini yenyewe ni habari. Habari njema."

"Habari ya nini?"

"Kwamba umesamehewa."

"Mimi? Nimekosa nini nawe saa kumi na moja hii ya alfajiri?"

"Sio wewe peke yako, wacha mchezo. Watu wote. Mungu ameshamaliza hiyo maneno upande wake. Imelipwa. Sasa inatangazwa."

Shamsudin alijaribu makali ya kisu kwenye ukucha. "Hapo nimekufahamu. Yaani si amri, wala si nasaha. Ni jambo lishatendeka, na mtu aletewa khabari."

"Ehe! Hivyo hivyo! Ngoja, hiyo nitatumia." Kiragu akafurahi sana. Alitaka kumkumbatia lakini kulikuwa na kisu.

"Khabari ndiyo hiyo," Shamsudin akasema, akimvuta mbuzi karibu. "Na mimi nina khabari mbaya. Rafiki yako Waithaka kaniaga jana. Kibanda kashauza. Leo akusanya vyombo, kesho yuko Nyahururu kwa ndugu yake, kulima viazi."

"Viazi? Waithaka? Hata kitunguu hajui kinatoka wapi! Kwa nini?"

"Asema amechoka kuzunguka vyooni. Asema kuna mtu pale sokoni amchukia, na mtu huyo alikuwa kama nduguye."

"Mimi simchukii. Nilimsamehe kitambo."

"Lini?"

"Miaka mitatu."

"Ulimwambia?"

"Kanisani, mbele ya watu mia nne."

"Yeye alikuwako?"

"Yeye ni Mkatoliki."

Shamsudin alimtazama, kisha akamtazama mbuzi, kana kwamba mmoja kati yao angemweleza. "Haya, shika miguu," akasema. Akaleta bismillahi, kazi ikaendelea.

Kiragu alirudi sokoni na nyama yake, na kusema kweli alikuwa na nafasi. Waithaka alikuwa pale ndani anafunga sufuria kwa kamba; kelele zilisikika. Kiragu alifika mpaka kwenye kona. Hapo akajiambia ana somo la kuandaa, na nguo ya kubadilisha, na kwamba mtu anayekwenda kuhubiri hafai kujisumbua roho kabla ya saa yake. Atamwambia akitoka. Tena mwenye kosa ni nani? Mwenye kosa ndiye anayetakiwa kuja. Akavaa koti lake la semina akaenda mjini.

Ukumbi ulijaa. Mwinjilisti Naliaka alimkaribisha kwa sauti iliyozima mashabiki wa mpira kwenye televisheni ya ghorofa ya chini, akampa maikrofoni isiyo na waya, nyeusi, mpya, iliyonunuliwa kwa mchango wa mwaka mzima. "Huyu ndugu," akawaambia makarani, "ndiye yule aliyesamehe!" Wakapiga makofi.

"Bwana asifiwe," akasema Kiragu.

"Amina."

"Injili ni habari. Sio amri, sio mawaidha. Mawaidha ni kuambiwa fanya hivi. Habari ni kuambiwa imefanywa." Makarani waliacha simu zao. Hata yeye alishangaa jinsi maneno yalivyokaa vizuri. "Mteja akipita kwangu Kenyatta Market, mimi simwambii nenda ununue mbuzi, umchinje, umchome, halafu uje tukuone. Namwambia, karibu, iko tayari! Basi Mungu ndivyo hivyo. Haji kukuambia jichome. Anasema iko tayari."

"Hubiri, baba!" akapaza mama mmoja aliyekuwa na njaa.

"Angalieni malaika, siku Yesu amezaliwa. Alifanya nini? Aliwaendea wachungaji, watu wa mbuzi kama mimi, wananuka, wako baridini. Akawafuata huko huko kwa mbuzi zao. Hakubaki mbinguni akitoa ushuhuda kwa malaika wenzake, wakimpigia makofi, wakimpa chai, huku mwenye habari yake..."

Hapo akakwama.

"Amina!" wakamsaidia.

"Huku mwenye habari yake anazunguka..." Kiragu alitazama maikrofoni kana kwamba ndiyo iliyomsema. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, chake, kimefunikwa kitambaa cheupe, na kando yake kulikuwa na kikombe cha chai kikitoa mvuke. "Samahani," akasema, "naenda." Akatoka mlangoni.

Maikrofoni alienda nayo mkononi. Ilikuwa nzuri, ya masafa marefu, na ibada nzima ikaendelea kumsikia. Walisikia pumzi zake ngazi hadi ngazi. Walisikia akigongana na mtu mwenye sinia, na yule mtu akimtaja mama yake. Walimsikia akimwambia mlinzi wa chini, "Nifungulie mzee, nimekaa na kitu ya mtu miaka tatu," na mlinzi akijibu kwamba basi angoje, polisi wako hapo kando. Kwa mbali kabisa wakasikia, "Bodaboda! Kenyatta Market! Kimbia!" kisha kwaru-kwaru, kisha kimya. Mwinjilisti Naliaka alisimama mbele ya watu waliomtolea macho. Baadaye alisema hakuwa na la kuongeza, akachukua sadaka tu.

Waithaka alikuwa ameinamia kikapu chake cha visu alipoinua macho na kumwona Kiragu akija kwa njia ya mbele, mbio, koti likipepea, jasho, na mkononi kitu cheusi chenye kichwa kama rungu.

Ungefanya nini? Waithaka alikimbia.

"Waithaka! Baba Shiru!" Kiragu akaita. "Simama!"

"Mimi naondoka kesho!" Waithaka akajibu bila kugeuka. "Si ungoje tu kesho!"

"Siwezi kungoja!"

"Woi!"

Walipita kwa njia ileile ya kuzunguka, wakaingia kwenye saluni. Wasusi walio njiani, wazoefu wa kudaka wateja, walimdaka Kiragu mikono yote miwili. "Mzee, tunanyoa pia!" Alipojinasua alikanyaga ndoo, akamwangukia dada mmoja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa, na vidole vya msusi vilipoondoka viliondoka na rasta kadhaa. Dada huyo alisema maneno ambayo hayakuwa ya habari njema. Maikrofoni ikaruka. Mtu akaikanyaga. Nadhani ni Kiragu mwenyewe.

Waithaka alikuwa ametumbukia kwa Nthenya, mwenye saluni ya mwisho. Nthenya alimjua kwa kumwona akipita kila siku na mbuzi. Alimkalisha chini ya mashine ya kukaushia nywele, akamtupia taulo kichwani, akasimama mlangoni na kitana.

"Hapa ni wateja wa kike tu, mzee. Unatafuta nani?"

Kiragu alichungulia. Chini ya mashine tatu walikaa wateja watatu wenye mataulo. Wawili walikuwa na viatu vya visigino. Wa tatu alikuwa na buti nyeupe za mpira, zenye damu ya mbuzi.

"Baba Shiru," Kiragu akasema, akishika magoti apumue. "Nimekusamehe."

Taulo halikusogea. "Wapi rungu?"

"Haikuwa rungu. Ilikuwa maikrofoni."

"Unataka kunipiga na maikrofoni?"

"Sikupigi! Nimekuja kukuambia nilikusamehe. Ile maneno ya kiande. Iliisha."

Nthenya alizima mashine. Waithaka alijitoa taulo polepole. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya joto la mashine. Kidogo kidogo uso ukaanza kufunguka, akatabasamu, akanyoosha mkono, kisha mkono ukasimama hewani.

"Ngoja. Umesema nimekusamehe ama nilikusamehe?"

"Nilikusamehe."

"Lini?"

Kiragu alitazama dari. "Kitambo."

"Kitambo gani, Kiragu?"

"Miaka mitatu hivi."

Waithaka akasimama, na kichwa kikagonga mashine.

"Miaka mitatu! Nimebeba mbuzi kwa hivi vyoo miaka mitatu! Mvua, jua! Mgongo umeisha! Nimeuza kibanda! Na wewe uko na msamaha wangu kwa mfuko unatembea nayo Parklands?"

"Ulijuaje ya Parklands?"

"Kila mtu anajua! Nilisikia kuna mtu ulisamehe. Nikajiuliza ni nani huyo ana bahati!"

Mmoja wa wateja wenye visigino alicheka, akajizuia. Kiragu alitaka kusema jambo juu ya mwenye kosa kuwa wa kwanza kuja, na akagundua kwamba sasa mwenye kosa alikuwa yeye, na kwamba ndiye aliyekuja, na kwamba hakuna aliyemhakikishia chochote. Hilo katika semina zake zote hakuwahi kulifundisha. Alifundisha kutoa tu. Kamasi zikamtoka tena, za kweli, mbele ya wanawake.

"Nilikuwa napenda kukuona ukizunguka," akasema. Ilitoka yenyewe. "Kuna pengo kwa mabati. Nilikuwa nasimama hapo kila asubuhi."

Waithaka akajipapasa mgongo.

"Nilete mbuzi?" Kiragu akauliza. "Kubwa. Tukae na wazee, unitoze. Hata mbili nitaleta."

"Ukileta mbuzi itakuwa umenunua," Waithaka akasema. "Kaa hapo."

Kiragu akakaa chini ya mashine.

"Nimekusamehe," Waithaka akasema. "Haya. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nthenya, amesikia?"

"Amesikia, wote tumesikia."

"Basi imeisha. Umeona inavyofanywa? Imechukua dakika ngapi?" Akatoa taulo begani, akamtupia. "Panguza kamasi. Kisha unisaidie kubeba sufuria, na tunapita njia ya mbele."

Walipita njia ya mbele. Kibanda hakikuweza kurudi. Aliyekinunua alikuwa ameshaleta rafu zake. Jioni hiyo Kiragu alichoma mkono wa mbele wa mbuzi, mzima, wakakata wakiwa wameshika kisu kimoja, Wangeci akiwatazama na kusema sasa wameoana rasmi. Asubuhi Waithaka akapanda gari la Nyahururu na kikapu chake cha visu.

Basi gharama ni hii. Maikrofoni moja ya ibada, ambayo Kiragu ameirudisha mpya kwa kuuza mbuzi wanne. Kichwa kimoja cha dada, kilichofumuliwa na kusukwa upya siku nzima, Kiragu akilipa na kubeba lawama. Semina zote, kwa sababu Parklands walisikia mwisho wa hadithi na hawajampigia simu tena. Mgongo wa Waithaka. Kibanda cha Waithaka, ambacho sasa kinauza wigi. Na asubuhi za miaka mitatu ambazo wangeazimana makaa. Kiragu amejaribu kuzihesabu akiwasha jiko, ni zaidi ya elfu moja.